Maiti Haulizwi Sanda

Mwanzoni mwa mwaka 1931 watazamaji wa sinema nchini Marekani walionyeshwa mwanamke wa Kizungu aliyetawala kabila zima katikati ya Afrika. Nywele zake zilikuwa ndefu, za rangi ya dhahabu. Mwilini hakuwa na nguo ila vipande vichache vya ngozi na manyoya. Kwa neno lake mateka walipelekwa kuuawa, na kwa neno lake waliachiliwa. Filamu hiyo iliitwa Trader Horn. Kampuni iliyoitengeneza, Metro-Goldwyn-Mayer, iliinadi kwa sababu kubwa moja: ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo za kubuni ambazo Hollywood ilizifuata kwa kamera katika ardhi ya Afrika yenyewe.

Mwigizaji wa malkia huyo aliitwa Edwina Booth. Haikupita miaka miwili, uso wake ukatoweka sinemani. Baadaye ikavuma habari kwamba amekufa, na kwamba Afrika ndiyo iliyomuua. Habari hiyo ikaaminiwa, ikapokezanwa na wapenzi wa sinema kwa miaka mingi, na ilikuwa ya uongo. Edwina Booth alifariki dunia tarehe 18 Mei 1991, mjini Long Beach, California, akiwa na umri wa miaka 86. Tangu filamu iliyompa jina hadi kifo chake cha kweli ilipita miaka 60.

Wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Aliyekufa huvishwa atakavyovishwa na walio hai, naye hana kauli. Methali hiyo inamwelekea mwanamke huyu kwa namna mbili. Kwanza, alivishwa na wengine akiwa hai mbele ya kamera, na mavazi yale yakamgharimu afya yake. Pili, alizikwa kwa midomo ya watu kabla ya siku yake. Na kisa chake kina haki ya kusimuliwa kwa Kiswahili, kwani maradhi yaliyomkatizia kazi aliyapata Afrika Mashariki, katika safari ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya wapagazi, wapishi na wabeba bunduki.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Josephine Constance Woodruff. Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1904 mjini Provo, katika jimbo la Utah, kwenye familia ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kwa jina la Wamormoni. Utah ni jimbo lililojengwa na watu wa kanisa hilo, nao walithamini sana stara, kazi na jamaa. Alipoingia katika sinema, mwishoni mwa miaka ya 1920, alichukua jina jingine, lililokaribiana mno na lile la Edwin Booth, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani wa Marekani wa karne ya 19. Alipata sehemu ndogondogo, ikiwemo katika Manhattan Cocktail ya mwaka 1928, iliyoongozwa na Dorothy Arzner, mmoja wa wanawake wachache mno walioruhusiwa kushika uongozi wa filamu katika Hollywood ya wakati ule.

Zama zenyewe zilikuwa za msukosuko. Mnamo Oktoba 1927 The Jazz Singer ilikuwa imewaonjesha watazamaji sauti ya mwanadamu kutoka kwenye filamu, na studio zote zikaanza kuliacha bubu lililozitajirisha. Waigizaji waliosifiwa kwa uso na ishara wakaogopa kwamba sauti zao zitawaangusha. Kwa msichana asiye na jina, huo ulikuwa wakati wa hatari na wa bahati kwa pamoja, maana milango mingi ilikuwa ikifungwa na mingine kufunguliwa siku hiyohiyo.

Mlango uliofunguliwa kwake ulitokana na kitabu. Mwaka 1927 yalichapishwa masimulizi ya mzee mmoja Mwingereza, Alfred Aloysius Smith, aliyejiita Horn. Ujanani alikuwa mfanyabiashara katika mto Ogowe, nchini Gabon. Uzeeni alikuwa fukara mjini Johannesburg, akipita mlango hata mlango kuuza vyombo vya chuma vya jikoni. Katika mlango mmoja alimkuta Ethelreda Lewis, mwandishi wa riwaya, ambaye badala ya kumfukuza alimsikiliza, akayaandika maneno yake. Kitabu kikauzwa sana Marekani. Ndani yake mlikuwa na habari za msichana wa Kizungu aliyelelewa kama mungu mke na watu wa mtoni, na hapo ndipo Hollywood ilipotega sikio.

Gabon iko magharibi, lakini filamu ikapigwa mashariki. Kwa studio, Afrika moja iliweza kusimama mahali pa nyingine. Afrika Mashariki ilikuwa na wanyama wengi, ilikuwa na serikali za kikoloni zilizo tayari kutoa vibali, na Nairobi ilikuwa na wawindaji wa Kizungu waliokwisha zoea kuwahudumia matajiri kutoka ng'ambo. Mwaka 1929 mwongozaji W. S. Van Dyke, ambaye mwaka uliotangulia jina lake lilikuwa limepanda kwa White Shadows in the South Seas, alikuja na kundi lake, akakaa takriban miezi saba. Katika maandishi ya mwanzo ya filamu wanashukuriwa watawala wa Tanganyika, Uganda, Kenya, Sudan na Kongo ya Wabelgiji. Walipiga picha mpaka kwenye maporomoko ya Murchison, huko Uganda, mahali ambapo mto Nile wote hujipenyeza katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka kwa ngurumo.

Waigizaji wakuu walikuwa wanne. Harry Carey, mkongwe wa filamu za wachunga ng'ombe, aliigiza Horn. Duncan Renaldo aliigiza Peru, kijana anayefuatana naye. Mutia Omoolu, Mwafrika ambaye jina lake limeandikwa wazi katika orodha ya waigizaji, aliigiza Renchero, mbeba bunduki wa Horn. Edwina Booth aliigiza Nina Trent, binti wa mmisionari aliyepotea utotoni na kukulia kwa watu wanaomwabudu. Mama anafia njiani akimtafuta mwanawe. Horn na Peru wanaendelea na safari mpaka wanampata, wanatekwa na watu wake, na mwishowe yeye ndiye anayewaokoa. Renchero anakufa katika kutoroka. Peru na Nina wanaondoka pamoja. Horn anabaki.

Sasa itazamwe hali ya mwanamke huyo kambini. Wazungu waliofika nchi za joto wakati huo waliliogopa jua kama waliyemwogopa simba. Walifundishwa wasitoke bila kofia nzito ya jua, wavae mikono mirefu, wafunike miguu ifikapo jioni kwa ajili ya mbu, wanywe kwinini bila kukosa. Kila aliyekuwa nyuma ya kamera aliweza kuyafuata mashauri hayo. Aliyekuwa mbele ya kamera, katika sehemu ya Nina, hakuweza. Sehemu yake ilimtaka kinyume cha kila shauri: kichwa wazi, mabega wazi, miguu mitupu, katika majani marefu yanayokata ngozi. Malkia wa kambi ndiye aliyekuwa na kinga ndogo kuliko Wazungu wenzake wote waliokuja naye.

Na hakuwa na wa kumsemea. Chama cha waigizaji wa filamu, Screen Actors Guild, kilianzishwa mwaka 1933. Katika kiangazi cha mwaka 1929, wakati Booth akiwa Afrika, chama cha Actors' Equity, kilichokuwa na nguvu katika majukwaa ya New York, kilijaribu kuingia Hollywood na kuzilazimisha studio zikubali masharti ya kazi, nacho kikashindwa. Saa za kazi, nguo na kinga vyote vilikuwa mikononi mwa mwajiri. Msichana aliyepata bahati ya kwanza ya maisha yake hangeweza kusema kwamba jua ni kali, ilhali wengi nyuma yake walikuwa wakiisubiri nafasi hiyo.

Homa iliwashika wengi katika msafara. Booth alipata malaria, na alirudi Marekani akiwa mgonjwa. Hata hivyo kazi ilikuwa haijaisha. Sauti ilikuwa imeifuata filamu hadi porini: mitambo ya kunasa sauti ililetwa Afrika kazi ikiwa imekwisha anza, na matokeo hayakutosha. Irving Thalberg, aliyekuwa msimamizi wa utengenezaji filamu katika Metro-Goldwyn-Mayer, alijikuta ana wanyama wengi na hadithi haba. Basi mazungumzo na matukio kadhaa yakapigwa upya katika studio, huko Culver City. Mutia Omoolu na mwenzake, Riano Lindami, walisafirishwa kutoka Afrika Mashariki hadi California ili picha za studio zipate kufanana na picha za porini. Kazi iliyoanza kama safari ya miezi ikawa ya karibu miaka miwili, na gharama zikapita dola milioni moja.

Ilipotoka, ilipendwa. Ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizopendekezwa kwa tuzo ya Academy ya filamu bora katika sherehe ya Novemba 1931, ingawa tuzo ilikwenda kwa Cimarron. Ndani yake yanasikika maneno ya Kiswahili, yakitamkwa kwa lafudhi ya Kimarekani na kujibiwa kwa lafudhi ya nyumbani, bila kufasiriwa. Kwa mtazamaji wa Chicago yalikuwa ni sehemu ya mandhari tu, kama ngoma na mlio wa fisi. Kwa anayeielewa lugha hiyo, ni mahali pachache katika filamu ambapo watu wanaambiana jambo la kweli: beba, ngoja, twende.

Nina mwenyewe, kwa sehemu kubwa ya filamu, hasemi Kiingereza. Anafoka, anaamuru, anakodoa macho. Waandishi wa hadithi walimnyima lugha ya mama yake ili watazamaji waione ajabu yake, na hivyo filamu iliyochelewa kwa ajili ya sauti ilimpa mwigizaji wake mkuu wa kike maneno machache mno yanayoeleweka na waliolipa kiingilio. Alikuwa uso, nywele na mwili. Hayo ndiyo yaliyobandikwa katika matangazo.

Baada ya hapo misiba ikafuatana. Mke wa Duncan Renaldo alimshitaki Booth kwamba amemvunjia ndoa yake. Renaldo naye akaandamwa na serikali kwa madai ya kuingia nchini kinyume cha sheria, akafungwa, na mwaka 1936 akasamehewa na Rais Franklin Roosevelt. Hatimaye alirudi katika sinema na kupata umaarufu mpya kama Cisco Kid. Mwanamume aliangushwa akainuka. Booth hakupata kuinuka hivyo. Alicheza katika filamu za mfululizo za kampuni ndogo ya Mascot: The Vanishing Legion ya mwaka 1931 na The Last of the Mohicans ya mwaka 1932, zote mbili pamoja na Harry Carey, kila moja ikiwa na vipande 12 vya kuonyeshwa wiki hadi wiki. Alionekana pia katika filamu nyingine mbili za mwaka 1932 zilizotengenezwa kwa gharama ndogo. Kisha basi. Mwili ulikuwa umekataa. Yasemekana ilimchukua miaka sita kupona sawasawa.

Akaenda mahakamani. Aliidai Metro-Goldwyn-Mayer fidia ya zaidi ya dola milioni moja, kwa hoja kwamba alipokuwa Afrika hakupewa kinga ya kutosha wala mavazi ya kutosha. Katika madai yake lilikuwemo pia la kulazimishwa kukaa juani uchi kwa muda mrefu ili ngozi yake ichukue rangi iliyotakiwa. Magazeti ya udaku yalishangilia. Kwao neno uchi lilikuwa na bei kuliko neno malaria, na mwanamke aliyekuja kulalamika kwamba alivuliwa nguo kwa ajili ya macho ya watu akavuliwa mara ya pili katika safu za habari. Kesi ikamalizwa nje ya mahakama, na masharti ya suluhu hayakutangazwa.

Hapo ndipo uvumi wa kifo ulipopata nafasi. Mtu mgonjwa aliyeacha kuonekana, kesi iliyoisha kimya, na bara ambalo watazamaji walifundishwa na filamu yenyewe kuliona kuwa ni la mauti: vitu hivyo vitatu vilitosha kutunga habari. Yafaa kuzingatiwa kwamba uvumi huo ulimfaa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Kwa watangazaji wa sinema, ulizidisha utisho wa filamu. Kwa wapenzi wa hadithi, uliwapa mwisho mzuri: mungu mke mweupe aliyelipizwa na pori. Na kwa wote ulifuta swali ambalo mashitaka yake yalikuwa yameliuliza, yaani nani aliamua avae nini, akae juani muda gani, na kwa faida ya nani. Mbu na jua haviitwi mahakamani. Afrika ikishakuwa ndiyo iliyomuua, hapana mtu mwenye kosa.

Wakati huohuo picha za safari ile ziliendelea kufanya kazi. Mabaki ya picha za Trader Horn yalitumiwa mwaka 1932 katika Tarzan the Ape Man, iliyoongozwa na Van Dyke huyohuyo, ikiwa na Johnny Weissmuller na Maureen O'Sullivan. Kwa hiyo mito, wanyama na watu waliopigwa picha Afrika Mashariki mwaka 1929 wakawa nchi ya Tarzan, nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, na watoto wa dunia nzima wakadhani wameiona Afrika. Mwaka 1973 kampuni ileile ikaitengeneza Trader Horn kwa mara ya pili, kwa waigizaji wengine. Booth alikuwa hai, ana miaka 68.

Alikuwa wapi? Alikuwa amerudi kwa watu wake. Alishika dini ya wazazi wake, akaolewa, akatumikia kwa miaka mingi katika hekalu la kanisa lake huko Los Angeles, mji uleule wenye Hollywood ndani yake. Hakujificha katika kisiwa cha mbali wala hakubadili sura. Barua za wapenzi wa sinema ziliendelea kumfikia hata uzeeni, lakini hakujitokeza kukanusha kwamba amekufa, na hakuuza kumbukumbu zake. Kimya hicho kimeelezwa na wengine kuwa ni huzuni. Huenda ilikuwamo. Lakini mtu aliyesemewa na kuvishwa na wengine tangu akiwa na miaka 24 ana haki ya kukitumia kimya kama mali yake mwenyewe. Kwa kuwa maiti haulizwi sanda, maiti pia haulizwi mahojiano. Walipomwita mfu, walimwachia nafasi ya kuishi bila wao, naye akaitumia kwa nusu karne na zaidi.

Hata hivyo, kuna waliokuwa naye juani ambao kimya chao hakikuwa cha hiari. Mutia Omoolu alipata jina katika filamu, na katika Hollywood ya mwaka 1931, ambamo Waafrika walikuwa umati tu, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini baada ya kusafiri nusu ya dunia kwa ajili ya kazi hiyo hakufanywa nyota. Wapagazi waliobeba mitambo, wanawake na wanaume walioamriwa wapige kelele na kukimbia, wapiga makasia waliopita kwenye maji yenye mamba, hawakuandikwa. Ilisimuliwa tangu mwanzo kwamba wako Waafrika waliopoteza maisha katika msafara ule, mmoja kwa mamba na mwingine kwa kifaru, na masimulizi hayo yalitumiwa kuikuza filamu kwa watazamaji. Kifo cha uongo cha mwigizaji Mzungu kilipewa jina, mahali na sababu. Vifo vilivyosimuliwa vya wenyeji havikupewa hata jina. Booth aliweza kwenda mahakamani, japo hakupata hukumu ya wazi. Wao hawakuwa na mlango wa kubisha.

Filamu yenyewe ingali ipo, na anayetaka anaweza kuitazama. Wengi huitazama kwa aibu kidogo kwa jinsi inavyowachora Waafrika, na aibu hiyo ni ya haki. Lakini katika picha zile zilizopigwa chini ya jua la kweli, mbali na taa za Culver City, mtazamaji aweza kukitazama kitu kingine: mwanamke wa miaka 24 amesimama kichwa wazi, amezungukwa na watu ambao hawaabudu lolote, wamelipwa ili wasimame pale, nao pia wana jua lilelile vichwani. Mbele yao, upande tusioonyeshwa, wapo wenye kofia.